Mwaka Tuliomlilia Maestro

Felista tumemzika Mang'ola mwezi uliopita, na kwaya iliyoletwa kumwimbia ilikuwa na kinanda cha umeme, spika mbili kubwa kama makabati na mashati ya kung'aa, kila kitu isipokuwa sauti. Nasema kweli, mimi nikisema uongo haya meno yangu machache yaliyobaki yatanicheka. Vijana wanafungua midomo, kinanda ndicho kinachoimba, halafu yule mwenye maikrofoni anapayuka kila baada ya mstari utadhani anaswaga ng'ombe. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, jua la Eyasi linanichoma kisogo, nikaliangalia lile sanduku nikajisemea, dada, una bahati husikii. Maana aliyelala mle ndani alikuwa na sauti kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, na mimi nimesikia wengi, redio ninayo. Ndipo ukanirudia ule mwaka wa nyumba ya juu, mwaka wa Mzee Kijiti na marehemu wake. Mjukuu wangu anayeendesha magari ya watalii aliniona nimenuna njia nzima ya kurudi Karatu, akasema, bibi, kama kinakukera sana kiandike. Shule niliishia darasa la nne, na herufi zangu zinakwenda kama mbuzi waliokosa mchungaji, lakini zizini zinafika. Ya wazazi wangu na ukoo wangu siyaandiki, hayamhusu mtu.

Nyumba yenyewe bado ipo. Ukitoka Karatu kama unakwenda geti la Ngorongoro, kabla barabara haijaanza kupanda msituni, kuna njia ya kulia yenye mikaratusi. Siku hizi ni loji. Wamechimba bwawa la kuogelea pale palipokuwa na banda la kuku, na ukungu ukishuka kutoka msituni wazungu wanajitosa humo meno yanagongana, wanalipia baridi ambayo sisi tulipewa bure na Mungu. Zamani ilikuwa nyumba ya mlowezi wa kahawa, kuta nene, sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga, na sebule yenye moshi kwa sababu dohani ilizibwa na viota. Katikati ya sebule palikuwa na piano. Unyevu ulikuwa umeila tumbo, vitufe vingine ukivibonyeza vinabaki chini kama mtu aliyezimia. Mle ndimo alimokaa Mwitalia wetu. Jina lake tulishindwa kulitamka, na yeye alishindwa kuyatamka ya kwetu, kwa hiyo hakuna aliyemdai mwenzake heshima. Tulimwita Mzee Kijiti kwa sababu alikuwa na kijiti cheupe chembamba ambacho hakukiweka chini hata mezani. Akiweka santuri yake kwenye gramafoni anasimama katikati ya sebule, peke yake, anaipungia hewa kijiti, anaikasirikia, anaibembeleza. Mara ya kwanza nilipomwona nilidhani anafukuza nyuki.

Tulikuwa watatu mle kazini. Mimi jikoni na mezani. Felista kufua na kupiga pasi. Mzee Boay bustanini, mtu mzima aliyeheshimika mpaka Rhotia, ambaye sisi wasichana tulimwita Aako, yaani babu, kama tunavyowaita wazee wote kwa Kiiraqw. Kwake kule Boay ndiye aliyekuwa akihasi ng'ombe wa majirani, na mikono yake ilionyesha. Chakula cha Mzee Kijiti kilikuwa tambi. Jumatatu tambi, Jumapili tambi, na juu yake jibini ambalo lilikuwa limeoza kwa makusudi na likaletwa kwa ndege. Mimi na Felista tulipika makande yetu nyuma, na siku Boay anapoleta maziwa ya mgando katika kibuyu tulikuwa tunakula vizuri kuliko mwenye nyumba. Sikumwonea huruma hata siku moja. Mtu mwenye shamba la mahindi mlangoni na viazi vinavyojichimba vyenyewe, anayekula kamba, huyo amejitakia.

Alikuja kwetu kuandika kitabu. Kitabu cha nani? Cha Maestro. Neno hilo lilianza asubuhi na mswaki likalala naye. Maestro, kama nilivyoelewa, alikuwa Mwitalia mtunzi wa zile nyimbo za jukwaani ambazo mfalme anaimba, mke wa mfalme anaimba, anayechomwa kisu naye anaimba, tena ndefu zaidi akishachomwa. Kila baada ya chakula cha mchana tulitakiwa tusimame ukutani, mimi na Felista, na Boay kama hana kazi dirishani, tusimuliwe. Nadhani alihitaji masikio, na ya kwetu ndiyo yaliyokuwa karibu. Basi tukasikia kwamba Maestro alikuwa mtoto wa fundi mawe, akapelekwa katika nyumba ya mayatima ambako watoto walilishwa mkate mdogo na nyimbo nyingi. Tukasikia kwamba akiwa kijana alitunga haraka kuliko mtu anavyomenya viazi, opera juu ya opera, wakubwa wakampigania. Tukasikia kwamba malkia wa nchi ya barafu alimwita, akakaa huko akikohoa, akimtungia nyimbo za siku ya kuzaliwa, malkia akila. Alivyokuwa akimsimulia ungedhani ameachana naye stendi asubuhi hiyo. "Maestro hawezi kupenda supu hii," ananiambia, na mimi moyoni nasema, aje aipike mwenyewe. Sisi wote watatu tuliamini ni mzee fulani yuko hai huko kwao Italia, ana gauti na visirani.

Nawaambia kitu kimoja ambacho kilinifanya nimdharau Maestro kabla hata sijamdharau shabiki wake. Katika maisha yote yale, na tulisimuliwa hadi viatu vyake, sikusikia hata siku moja kwamba alipanda kitu, alijenga kibanda, alimshika mtoto wake mkono. Aligombana na waimbaji, aliumwa tumbo, alitunga. Akilipwa anaudhika, asipolipwa anaudhika. Mwenye nyumba wangu ananisimulia hayo machozi yanamlenga, mimi nimeshika sahani chafu, nawaza, kwetu mwanamume wa namna hiyo hata kuku hawamwogopi.

Halafu siku ile ya maksai. Felista alikuwa ameuliza, kwa adabu kabisa, mbona mle kwenye santuri shujaa wa vita anaimba kwa sauti ya mwanamke. Mzee Kijiti akaona haya. Akazungusha kijiti. Akasema kwamba hiyo santuri ni mwanamke kweli, lakini mwanzoni, alipoutunga Maestro, walikuwepo watoto wa kiume wenye sauti nzuri, na hao watoto walikuwa wanafanyiwa kidogo tu, na daktari, ili sauti isishuke, ibaki juu kama malaika.

Boay alikuwa dirishani na mkasi wa maua. "Wanafanyiwa nini?"

"Kidogo tu, Mzee. Kitu kidogo."

"Unasema maksai?"

"Hapana maksai! Msanii! Msanii mkubwa!"

"Maksai wangu nao ni mafundi," Boay akasema. "Wanalima. Sisi ng'ombe tunamhasi ili alime. Ninyi mtoto wa mtu mlimhasi ili iweje?"

"Ili aimbe, Mzee. Vizuri sana, huwezi kuelewa."

"Na huyu Maestro wako ndiye aliyekuwa anawatungia?"

"Ndiyo! Nyimbo nzuri kuliko zote!"

Boay akaukunja mkasi, akautia mfukoni. "Kwa hiyo alikuwa anajua," akasema, akarudi kwenye maua yake. Mzee Kijiti aliendelea kueleza mpaka kahawa ikapoa, lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza tena. Felista aliniangalia, akavuta shingo kama kuku, nikalazimika kukimbilia jikoni kucheka.

Huyo ndiye Felista. Kila kitu kwake kilikuwa mzaha isipokuwa vitu viwili, sauti na Tluway. Tluway alikuwa kijana wa kwetu aliyeteremka Mang'ola kulima vitunguu vya kumwagilia, mrefu, mkimya, anakuja na lori la vitunguu hadi Karatu halafu anapanda kwa miguu mpaka kwetu, anafika ananuka kitunguu, anasimama nyuma ya jiko haongei. Wazee walikuwa wamekwisha kuzungumza, pombe imenywewa, siku ya harusi imetajwa, baada ya mavuno. Felista alikuwa ameanza kushona mapazia ya nyumba ambayo bado haina madirisha. Na sauti, alikuwa nayo bila kuijali, kama mtu mwenye nywele nzuri. Alipokuwa akipiga pasi ile ya mkaa alikuwa ameushika wimbo mmoja wa ile santuri, wa shujaa anayeaga kwao kabla ya vita, akauimba wote bila neno hata moja, la la la, na pale juu kabisa ambapo yule mama wa santuri anakwangua kama mlango, Felista alikuwa anapita tu, kama ndege anayevuka ua.

Mzee Kijiti alimsikia siku moja akiwa koridoni. Aliingia chumba cha pasi mikono imenyooshwa mbele kama kipofu. Kuanzia siku hiyo kufua kukawa kwangu, maana Felista sasa alikuwa shujaa wa vita. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutoka Italia kuangalia wanyama bondeni, wangepita kwake, na yeye angewaonyesha opera ya Maestro iliyosahauliwa na dunia nzima, imeimbwa na watu wa Karatu. Wanakwaya wa parokia wakaitwa, wakawa wanakuja alasiri, wanajipanga kandokando ya piano wamevaa sweta, wanafundishwa kuwa jeshi. Walipenda. Kulikuwa na chai na mkate wa siagi.

"Harusi lini?" Mzee Kijiti alimuuliza Felista siku moja mezani, kwa sauti ya mtu anayeuliza ugonjwa.

"Wageni wako wakija, Bwana, mimi nitakuwa nimeshakwenda Mang'ola. Ndiyo nilitaka kukwambia."

"Mang'ola! Kufanya nini?"

"Vitunguu."

"Sauti hii," akasema, akanigeukia mimi kana kwamba ni mimi niliyemwoza, "sauti hii inakwenda kwenye kitunguu!"

"Bwana, kitunguu kinaliwa," Felista akasema.

Mzee Kijiti alitaka harusi iahirishwe. Felista akakataa. Mzee akamtafuta Tluway, akaongea naye nyuma ya jiko, Tluway akamsikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Wazee wameshataja siku," akaondoka kuwahi lori. Mzee Kijiti akashinda siku kadhaa bila kusimulia chochote, na kwetu ilikuwa kama sikukuu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ujinga wake ulipokutana na desturi yetu. Asubuhi moja nilikuta sebule imefungwa mapazia. Kitambaa cheusi juu ya piano, kingine kwenye kioo. Saa ya ukutani ameisimamisha. Yeye mwenyewe kwenye kiti, suti nyeusi, hajanyoa, analia kwa sauti kama mtoto. Hakula. Boay alipoingia na maua alikuta hali hiyo, akavua kofia. "Bwana, kuna nini?"

"Maestro amekufa."

Boay akayaweka maua chini. Kwa dharau yote aliyokuwa nayo juu ya yule mtu, kifo ni kifo. "Pole sana. Alikuwa nani kwako? Ndugu?"

"Zaidi ya ndugu." Akajipiga kifua kwa kijiti. "Mtoto wangu. Watu wote wamemtupa. Mimi peke yangu nimemlea, miaka yote hii. Ni mtoto wangu, Mzee Boay. Amekufa peke yake, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumzika."

Angesema ndugu, angesema mwalimu, yasingekuwa makubwa. Lakini kwetu Wairaqw, hasa wakati ule, mtu akifiwa na mtoto nyumba yake inaingia metimani. Inatengwa. Aliyeko ndani haingii nyumba ya mwenzake, hachoti maji na wengine, hapewi moto, haazimwi jembe, na mifugo yake haichangamani na ya jirani. Hawachukiwi, ila kifo kimegusa nyumba hiyo na hakitakiwi kigawiwe kwa watu. Inakaa hivyo miezi, hata mwaka, mpaka wazee waseme imetosha na nyumba isafishwe kwa kondoo. Boay alitoka, akakata matawi ya miiba, akayalaza njiani pale kwenye mikaratusi. Akarudi akatuambia sisi wasichana, bila kupandisha sauti, "Na ninyi mmekula chungu cha humu. Mko ndani. Hata mimi niko ndani." Wala hatukubisha. Kwani tungejuaje? Sura ya mwisho ya Maestro alikuwa hajatufikishia. Mtu anayesimuliwa kila siku kwamba ana gauti, leo ukiambiwa amekufa, unaamini.

Wanakwaya hawakuonekana tena. Wakatoliki wote wale, wenye rozari shingoni, walifika kwenye miiba wakageuka na sweta zao. Mama wa maziwa akaacha kupita. Nikienda kisimani wanawake wanasogea, wananiachia njia pana ya kutosha lori. Halafu ukaja ujumbe kutoka kwa baba yake Tluway, kwa adabu, kwa masikitiko: msichana wetu yuko metimani, hatuwezi kumpokea nyumbani. Harusi isubiri mpaka nyumba isafishwe. Labda mwakani. Felista alizisoma sura zetu akaacha kufanya mzaha. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma na yale mapazia yake mapajani, hashoni. Kijana wa kiume anayesubiri mwaka mzima Mang'ola, wenye mabinti wakiwa wamejaa huko, sote tulijua maana yake. Na yeye alijua kuliko sisi.

Akaamua kumwendea Mzee Kijiti mwenyewe. Nilikuwepo, nimeshika trei. "Bwana," akasema, "wazee wanataka kujua huyu mtoto wako amekufa siku gani, wahesabu. Wanaweza kufupisha kama ni wa mbali. Waambie tu."

Mzee Kijiti alikuwa dirishani. Boay alikuwa ameshamweleza desturi yote, hatua kwa hatua, pamoja na habari ya harusi, kwa hiyo asije mtu akasema hakuelewa. Kule chini watu walikuwa wanatoka sokoni, wanafika kwenye miiba, wananyamaza, wanazunguka kwa mbali kupitia mtaro. Yeye anawaangalia, macho yamelowa, uso umetulia kama wa mtu aliyeshiba. "Wanamlilia," akasema. "Kwao hakuna aliyemlilia. Mbwa hakumlilia. Huku, wakulima, wanamlilia." Akakoroga kahawa yake. "Haiwezekani kufupisha, Felista. Tena wageni wakija utakuwepo."

Nimewaona watu wabaya. Nimemwona mtu aliyemuuza ng'ombe wa mjane. Lakini yule alijificha akifanya, alikuwa na aibu ya kawaida. Huyu wangu alitia sukari, akaonja, akaongeza.

Wageni wakaja. Watano, makoti ya vumbi, kamera vifuani, na aliyewaleta ni padri mmoja Mwitalia wa upande wa Mbulu, mzee sana, aliyekaa kwetu hadi Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Kiiraqw. Hakukuwa na jeshi, hakukuwa na kwaya. Kulikuwa na piano yenye kitambaa cheusi, Mzee Kijiti na kijiti, na Felista amevalishwa shuka jekundu begani awe shujaa. Nilisimama mlangoni na glasi. Alipoanza, yule shujaa anaaga kwao, nikaona Felista haangalii wageni wala Mzee Kijiti. Anaangalia dirisha la upande wa Mang'ola. Alipofika pale juu, pa kukwangua, hakupita kama ndege. Alisimama hapohapo, akapashikilia, mpaka nikahisi glasi zinatetemeka kwenye trei. Mgeni mmoja alikuwa analia. Mmoja alikuwa amelala. Mmoja alikuwa anapiga picha shuka.

Yule padri alitoka nje kabla hawajamaliza kupiga makofi. Nilikwenda jikoni, na dirisha la jikoni linaangalia pale Boay alipokuwa amekaa.

"Aako, mbona miiba njiani?" padri akamuuliza. "Nani amefiwa?"

"Bwana. Mtoto wake."

"Mtoto gani? Huyu hana mtoto."

"Maestro."

Padri alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. "Maestro? Huyu mtunzi wa nyimbo? Mzee Boay! Huyo mtu alikufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa! Hata kaburi lake hawalijui. Karatasi zake walifungia jibini!"

Boay hakucheka. Alinyanyuka, akapangusa magoti, akaingia ndani kwa mlango wa mbele, na buti za matope, juu ya zulia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nyumba ile ijengwe. Wageni wakadhani ni sehemu ya opera, mmoja akainua kamera.

"Bwana. Padri anasema huyu mtu alikufa zamani. Ni kweli?"

Mzee Kijiti akashusha kijiti. "Kwangu mimi, amekufa jana. Niliandika sura ya kifo chake, nikamlilia."

"Sikuuliza kwako. Nauliza alikufa lini."

"Zamani," akasema. Halafu akaanza kueleza, mikono inacheza, kwamba hatuwezi kuelewa, kwamba miaka yote ile hakuna mtu duniani aliyemwomboleza, hakuna hata mmoja anayeimba nyimbo zake, na kwamba alipoona watu wa kawaida wanazunguka mtaroni kwa heshima, angewezaje kuwakataza?

"Kwa neno moja," Boay akasema. "Ungewakataza kwa neno moja. Tulikuwa tunamlilia mtoto wako. Mtoto hukuwa naye. Huyu binti umemweka njiani, kwao siyo, kwa mume siyo, kwa ajili ya mtu ambaye hata mifupa imekwisha. Ulikuwa unatuangalia dirishani?"

Felista ndiye aliyejibu. "Alikuwa anatuangalia, Aako. Anakunywa kahawa."

Wazee waliitwa siku hiyohiyo, wakasimama nje ya miiba wakalipima jambo, na padri akawa mtafsiri, hacheki tena. Walisema mtu aliyeita kifo nyumbani ambako hakikuwepo amekiita kweli, na nyumba lazima isafishwe, leo, kwa kondoo wake. Kondoo alikuwepo mmoja, amefungwa nyuma ya jiko, amenunuliwa kwa karamu ya wageni. Akachinjwa palepale. Tukanyunyiziwa mchanganyiko wa maji na kilichotoka tumboni mwa kondoo, mimi, Felista, vizingiti, ngazi. Boay akasema na piano. Mzee Kijiti akasimama mbele yake mikono imetanuliwa, analia machozi ya kweli sasa, anasema hapana, hapana, chombo hiki hapana. "Humo ndimo marehemu anamokaa," Boay akamwambia, akamzunguka, akainyunyizia vizuri, juu na chini, na ndani kwenye tumbo lake lililooza. Wageni walikula tambi bila nyama. Nilipika mimi. Sikutia chumvi.

Felista aliolewa wiki chache baadaye, na alicheza kwenye harusi yake mpaka kiatu kikakatika. Mzee Kijiti aliondoka kabla ya masika, na santuri zake na makaratasi yake yote ya Maestro yamefungwa kamba. Kama kitabu kilitoka, hakuna mtu wa Karatu aliyekiona. Siku hizi pale loji, kando ya bwawa, wameweka kibao kinachosema kwamba hapa aliishi rafiki mkubwa wa muziki na wa watu wa vijiji hivi. Mjukuu wangu alinisomea. Nikamwambia aniondoe hapo haraka.

Lakini nimalizie ya Mang'ola. Asubuhi baada ya maziko nilikwenda kibandani kwao, maana vitunguu havisubiri arobaini. Wanawake walikuwa wamekaa chini wanachambua, wakubwa huku, wadogo huku, vilivyooza pembeni, na vijana wanashona magunia kwa sindano kubwa, lori linasubiri. Nikapewa chai. Binti mkubwa wa Felista akaanzisha wimbo ili mikono iende, na wengine wakapokea, na mimi kikombe kikaniinama mkononi, chai yote ikaenda kwenye kanga. Ni ule. Shujaa anaaga kwao. Ila sasa ana maneno, dereva wa lori amechelewa, vitunguu vinaota, dereva ana mke wa pili Makuyuni, na pale juu kabisa binti alipita kama ndege anayevuka ua, wala hakuinua macho. Kumbe Felista aliwafundisha wote, hapohapo chini, miaka yote ile. Nikamkumbuka Mzee Kijiti na mikono yake, hakuna hata mmoja duniani anayeimba.

Mnunuzi mmoja kijana kutoka Arusha alikuwa ameinua simu anarekodi. "Huu mkali," akasema. "Wa nani huu?" Wanawake wakanigeukia, maana mimi ndiye mkubwa pale. "Ama Rejina atajua," binti akasema, yaani mimi, maana Ama kwa Kiiraqw ni bibi. "Ama, huu wimbo wa nani?"

Nilimfikiria fundi mawe na mwanawe. Nilimfikiria malkia anayekula, na wale watoto, na kijiko kile kinachozunguka kwenye kikombe pale dirishani.

"Wa Felista," nikamwambia kijana. "Aliutunga mwenyewe, akipiga pasi."

Meno yangu hayakucheka hata moja.